Uzi Ambao Haukukaza

Sogea karibu, mwenzangu. Haya ninayotaka kukwambia sijawahi kumsimulia mtu nje ya nyumba yangu, ila wewe nakuona ni wa rika langu, na mtu wa rika langu sina haja ya kumweleza kibatari ni kitu gani. Nitasema taratibu, kama vile tumekaa wawili tunachambua mchele na hakuna anayetuharakisha.

Juzi hapa jirani tulipata msiba. Mimi ni mmoja wa kinamama wanaoitwa kuosha maiti za wanawake wenzetu, na kazi hiyo naipenda, maana unayemfanyia hawezi hata kukwambia ahsante, malipo yote yako kwa Mungu. Tulikuwa chumbani, kafuri imeshasagwa, sanda imeshakatwa. Mkubwa wetu akanipa bunda la pamba ya dukani, akasema, "Mama Swalehe, hebu chambuachambua hiyo." Nikaanza. Mara nikasikia binti mmoja aliyekuja kujifunza ananinong'oneza, "Mama, mbona unasokota?"

Nikatazama mikono yangu. Kweli. Kile kipande cha pamba kilikuwa kimeshakuwa uzi, wa kutosha kushonea kifungo, na mimi mwenyewe sina habari.

Nikaufumua haraka, nikaendelea na kazi. Lakini mwenzangu, pale pale nilisikia harufu. Pamba ya dukani haina harufu, unajua. Harufu niliyoisikia mimi ilikuwa ya pamba yenye mbegu zake, iliyoanikwa juani kwenye ungo, yenye mafuta kwa mbali na moshi wa jikoni uliokwishaingia ndani. Harufu ya nyumba ya bibi yangu, kijijini Marambo.

Sisi kwetu ni Ruangwa. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale sokoni. Mama alipopata ujauzito wa mdogo wangu, miguu ikamvimba vibaya, akaambiwa alale, asinyanyue hata ndoo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yanang'oka. Ikaonekana nitamsumbua tu mama, basi baba akanipandisha kwenye lori la ufuta mpaka Nachingwea mjini, na pale akaja mjomba kunichukua kwa baiskeli, nimekaa kwenye keria na mfuko wangu wa nguo mapajani, njia nzima nalia na mjomba anaimba ili asinisikie.

Bibi alikuwa mzaa mama. Kabila lake Mmakua, wazazi wake walivuka naye Ruvuma akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kina kona kona. Alikuwa mwembamba, mrefu, na akicheka anaziba mdomo kwa kanga. Toka siku ya kwanza hakuniita jina langu. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, kwamba tumeolewa na babu mmoja. Babu mwenyewe alishafariki, lakini hiyo haikumzuia. Paa likivuja anasema, "Umeona mume wetu? Katuachia nyumba ina matundu kama chekeche. Mimi na wewe tumeolewa na mvivu." Mimi nilikuwa nacheka mpaka naanguka.

Pale nyumbani alikuwepo pia mama mdogo Zuhura, mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa hajaolewa, na sifa yake ni kufuma. Alifundishwa na mama mmoja mjini Nachingwea, na sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizopewa na baba yangu, akazisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Uzi alikuwa ananunua ule wa kung'aa wa nailoni, rangi ya waridi, na akiukunja kwenye mpira wake hataki mtu aukaribie.

Sasa nyuma ya uzio wa kuogea kulikuwa na mipamba michache. Si ile ya kupanda na kung'oa, hii ilikuwa mikongwe, mirefu kunipita mimi, mashina yake magumu kama miti. Bwana shamba akipita anasimama anaitazama. "Bibi, nilishasema, huku kwetu kusini pamba hairuhusiwi. Inaleta funza mwekundu."

"Hii si ya kuuza, baba," bibi anamjibu. "Hii ya msiba."

Bwana shamba anaguna, anapanda baiskeli yake, anakwenda zake. Hakuwahi kurudi na panga. Nafikiri na yeye alikuwa na mama mzee nyumbani.

Ya msiba. Hayo maneno niliyasikia, lakini hakuna aliyenifafanulia, nikabaki kuyatafsiri kwa macho yangu. Na macho yangu yaliona hivi. Anakuja mtu, mara nyingine ametoka mbali na baiskeli ina vumbi mpaka kwenye kengele. Anasalimia kwa sauti ndogo, anakaa kwenye kigoda. Bibi hamsubiri aombe. Anaingia ndani, anatoka na pamba nyeupe imefungwa kwenye karatasi, anasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," anampa. Mtu anaondoka. Halafu alasiri tunasikia kuna mazishi.

Mtu anachukua pamba, mtu anazikwa. Mimi nikaunganisha. Nikasema kumbe bila pamba mtu hawezi kuzikwa, na kama hawezi kuzikwa basi hawezi kufa, atabaki tu ndani anaumwa mpaka apone. Nikawa namtazama bibi yangu kama mtu aliyeshika ufunguo. Na jambo moja likawa linanitesa: mbona mwanamke mwema kama huyu anautoa ufunguo kwa kila anayekuja?

Siku moja nikamuuliza. "Bibi, kwa nini usiwanyime?"

"Niwanyime nini?"

"Pamba."

Akaacha kupepeta. "Nimnyime mtu pamba ya msiba? Mke mwenzangu, una roho gani wewe? Hata fisi wa porini kule Kilimarondo hana roho hiyo."

Nikaona bibi hajui analofanya, au anajua na hawezi kujizuia.

Sikukaa sana, ikafika siku ya kuanika nguo. Mama mdogo Zuhura akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda cha bibi, tukatoa kila kitu nje kwenye mkeka. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe kipya kimekunjwa, kichupa cha marashi, kafuri kwenye kikaratasi, na mfuko wa pamba safi, imeshachambuliwa, haina hata mbegu moja.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Ya bibi yako," akasema mama mdogo, huku anakung'uta shuka. "Yake mwenyewe. Kajiandalia mapema ili watu wasihangaike. Hebu shika pembe hiyo."

Alisema kama mtu anayesema haya maharage ni ya kesho. Mimi nilishika pembe ya shuka, lakini macho yangu yalibaki kwenye ule mfuko. Maana bibi alikuwa na kikohozi. Kikohozi cha alfajiri, anaposimama kuswali, kikavu, kirefu. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na nilikuwa nimeshakizoea kama jogoo. Toka siku ile nikaanza kukisikiliza.

Wewe unakumbuka akili za utoto zinavyofanya kazi. Hazikai bure. Jioni ile ile nikamfuata bibi jikoni. "Bibi, pamba inafanya kazi gani nyingine?"

"Tambi ya taa. Kuweka kwenye kidonda."

"Na nyingine?"

Akafikiri. "Uzi. Mama yangu alikuwa anasokota uzi, wakati huo nguo za dukani hazijawa nyingi kule kwetu. Na mimi nilikuwa najua. Sijui kama mkono unakumbuka."

"Nifundishe."

Bibi alinitazama, moshi unampitia usoni. Baadaye ndiyo nilijua kwamba aliwaomba binti zake wote, mmoja mmoja, wajifunze, na wote walikataa. Nani asokote uzi na madukani upo? Sasa anakuja mjukuu wa Ruangwa, hana meno, anasema nifundishe. Akafuta macho, akasingizia moshi.

Kumbe mimi wala sikuwa na haja na uzi. Nilitaka pamba iishe. Ya kwenye gunia iishe, halafu tufike ya sandukuni nayo iishe, na bibi yangu akae.

Asubuhi akachonga kijiti laini, kirefu kama mkono wangu, akakichomeka kwenye kigae cha kibuyu alichokikata duara, kikawa kama pia ya kuchezea. Juu akakata kijino kidogo cha kushikia uzi. Kwanza tulichambua mbegu kwa vidole, kazi inayouma chini ya kucha. Halafu akachukua kiupinde kidogo, kama cha watoto wa kiume wa kulengea ndege, akawa anaipigapiga kamba yake juu ya pamba. Tung, tung, tung. Pamba ikawa inanyanyuka, inajitanua, mpaka ungo mzima ukawa kama umebeba wingu. Ile sauti mpaka leo ikija kichwani naiona pua ya bibi ina manyoya meupe.

"Shika hivi. Viringisha kijiti pajani. Sasa kiachie kizunguke. Vuta. Vuta, vuta... Umekata."

Nikaunga. Ukakatika. Nikaunga.

"Usiubane hivyo! Unamkaba kuku? Uzi unakuja wenyewe, wewe unausindikiza tu."

Paja langu likawa jekundu. Bibi akanipaka majivu kwenye vidole ili jasho lisishike pamba. Uzi wangu wa kwanza, mwenzangu, ulikuwa kichekesho. Mahali mwembamba kama utando wa buibui, hatua mbili mbele mnene kama kidole. Mama mdogo Zuhura alikuja na kazi yake ya kufuma mkononi, akainama akautazama.

"Huyu nyoka kameza vyura wangapi?"

"Mwache mwenzio," bibi akasema.

"Mama, hata mbuzi ukimfungia huu atakuonea huruma."

Bibi akaukunja ule uzi kwenye mpira mdogo, akautundika kwenye msumari. Akanieleza kwamba uzi ukisokotwa vizuri, unaunganisha nyuzi mbili, unazisokota tena pamoja upande wa pili, halafu unaupika kwenye maji na kuuanika umefungwa jiwe chini. Hapo unakaza, haufumuki tena. "Lakini huu wako," akasema, "hata kuupika ni kupoteza kuni." Ukabaki pale msumarini kama ulivyo.

Sikukata tamaa, maana mimi nilikuwa na sababu ambayo hawakuijua. Nikitoka shule ya pale nilipoandikishwa kwa muda, sichezi rede. Nachukua kijiti. Wenzangu wananiita kikongwe, nasokota. Bibi akikohoa, naongeza mwendo. Sitasahau alasiri zile: jua limelala kwenye uzio, harufu ya korosho zinazochomwa kwa jirani, ule moshi wake mkali unaowasha macho, na sisi wawili kwenye mkeka kila mmoja na kijiti chake kinazunguka. Bibi alikuwa ananiimbia za Kimakua ambazo sikuzielewa na hakunifasiria. Siku moja nikashangaa uzi wangu haukatiki. Unatoka tu, mwembamba, sawasawa, vidole vinajua vyenyewe.

Bibi akaushika akauvuta. Akauvuta tena kwa nguvu. "Zuhura! Njoo uone kazi ya mke mwenzangu!"

Mama mdogo akaja, na safari hii hakutania. Akakaa chini, akachomoa nailoni kwenye spoku zake, akaanza kufuma na uzi wetu, ule tuliokwisha kuupika. "Unashika," akasema. "Kha! Unashika kweli. Hauteleziteleza kama huu wangu." Pale pale ikakatwa shauri kwamba itakuwa kofia ya yule mtoto atakayezaliwa Ruangwa, na ikibaki atapata na soksi.

Bibi akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi. Gunia la pamba lilikuwa linakaribia sakafu.

Mvua za kwanza zilipoanza, kikohozi cha bibi kikabadilika. Akaacha kutoka nje. Akawa anaswali amekaa, halafu amelala. Mama mdogo alikuwa anamkanda, anamnywesha maji ya mkaratusi, usoni hana utani. Majirani wakaanza kuja wakiwa wamejifunga kanga mbili kama wanaokwenda msibani, na mimi nilijua maana yake. Nikachukua pamba yote iliyobaki kwenye gunia, mpaka ile ya kwenye pembe iliyochanganyika na majani, nikakaa mlangoni kwa bibi nikasokota. Sikula mpaka iliisha.

Siku iliyofuata akaja mtu na baiskeli. Alikuwa mtoto wa Bi Fatu, na Bi Fatu ni shoga yake bibi, walichezwa unyago pamoja. Akakaa kwenye kigoda. Akasalimia kwa sauti ndogo. Mimi nikasimama mbele yake.

"Imekwisha," nikamwambia.

"Nini imekwisha?"

"Pamba. Hakuna. Nenda ukamwambie mama yako asife."

Yule mtu mzima alinitazama, akainamisha kichwa. Mama mdogo alikuja mbio, akanivuta pembeni, akatazama ndani ya gunia, akashika kichwa. Ndipo tukasikia sauti ya bibi kutoka ndani, ndogo lakini kavu.

"Zuhura. Toa ile ya sandukuni umpe."

"Mama, ile ni yako."

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Aliyekufa Fatu. Basi mpe Fatu."

Mama mdogo akalivuta sanduku. Akautoa ule mfuko wote, akampa yule mtu kwa mikono miwili. Yule mtu akalia. Mama mdogo akalia. Na bibi nilimsikia analia huko ndani kwa ajili ya shoga yake. Mimi peke yangu, Mungu anisamehe utoto ule, nilikuwa nataka kurukaruka. Pamba ilikuwa imekwisha kabisa! Hakuna pamba kwenye gunia, hakuna sandukuni, mipambani vitumba bado vichanga. Bibi yangu hana tena njia ya kufa.

Na bibi akapona.

Alipona kweli, mwenzangu. Polepole, uji, halafu ugali, halafu akarudi kwenye mkeka wake nje. Nikamfuata nikiwa na furaha yangu imejaa mpaka shingoni, nikamwambia siri yote. Kwamba nilisokota ili pamba iishe. Kwamba sasa hafi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaziba mdomo kwa kanga akacheka, mabega yakatikisika, kikohozi kikaja, akanywa maji. Halafu akanivuta nikaegemea paja lake.

"Mke mwenzangu, Mungu hasubiri pamba."

"Mbona amesubiri?"

Bibi akanishika kichwa kwa mikono miwili.

Baadaye akasimama, akaenda kwenye msumari, akautoa ule mpira wa uzi wangu wa kwanza, wa nyoka aliyemeza vyura. Akaingia nao ndani. Nikasikia sanduku la bati linavutwa, kifuniko kinalia, kinafungwa.

"Unauweka wa nini, bibi? Mbovu huo."

"Ndiyo maana nauweka," akasema.

Habari ikaja kwamba mama amejifungua salama, mtoto wa kiume. Nikarudishwa Ruangwa na kofia kwenye mfuko. Ilikuwa ngumu, ina harufu ya moshi. Mama alipomvisha mtoto alisema, "Huyu tumemvisha mkeka." Lakini alimvisha kila asubuhi ya baridi mpaka kichwa kikaikataa, na kichwa chenyewe kilikuwa kikubwa, haikuchukua muda. Huyo ndiye leo anaendesha bodaboda Nachingwea mjini, ukimkumbusha kofia anaona aibu mbele ya abiria.

Nilikwenda Marambo likizo nyingine nyingi. Lakini unakua, kijiti unakisahau juu ya paa. Nilipomaliza la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Hapo ndipo nikatumwa tena kwa bibi, safari hii siyo kulelewa, kulea. Masomo mengine nilikuja kuyapata ukubwani, kwenye darasa la jioni, nikiwa na mtoto mgongoni. Mwaka ule nilisoma kwa bibi.

Alikuwa amekuwa mwepesi, namnyanyua kama kapu. Mama mdogo Zuhura alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, ana watoto wake. Mipamba haikuwepo, ilizeeka ikakauka, mahali pake wakachimba choo. Watu siku hizo walikuwa wananunua pamba dukani, hakuna tena wa kuja kukaa kwenye kigoda. Namwogesha, namgeuza, tunaswali pamoja, yeye kwa macho. Bado aliniita mke mwenzangu. "Mume wetu ananiita," alisema siku moja. "Anataka kuniomba radhi kuhusu paa."

Alifariki asubuhi, baada ya alfajiri, katikati ya masika. Nilikuwa nimemshika mkono. Kilikuja kikohozi kimoja kidogo, nikasubiri kingine kama nilivyozoea toka utoto, nikasubiri, hakikuja.

Mvua ilikuwa inamwagika. Kijana alitumwa Nachingwea kununua vitu, akarudi amelowa mpaka mifupani, mto umejaa, hakuna anayevuka. Kinamama walikuwa wameshaingia ndani. Mkubwa wao akatokeza kichwa mlangoni. "Sanda ipo, kafuri ipo. Pamba je?"

Mmoja akasema tutachana kanga safi, inatosha, Mungu anaona. Mama mdogo Zuhura akasema, "Ngojeni." Akaenda kulivuta sanduku. Akarudi na kitu kwenye kiganja, akasimama mbele yangu. Ulikuwa ule mpira wa uzi. Umegeuka rangi ya maziwa yaliyokaa, lakini ni wenyewe, na vyura wake wote tumboni.

"Aliniusia," akasema. "Alisema, ule uzi wa kwanza wa mke mwenzangu ndiyo pamba yangu. Msiupike, msiusuke, uacheni. Haukukaza, unafumuka vizuri. Mpeni mwenyewe aufumue." Halafu akaniwekea mpira kiganjani. "Alisema asipotaka, msimlazimishe. Mtanizika hata hivyo. Ila angependa apewe na wewe."

Nilikaa pale pale chini, mlangoni, mahali nilipokaa siku ile nikimalizia gunia. Nikatafuta ncha. Sikuiona kwa machozi, nikaitafuta kwa vidole. Nikaanza kuusokotoa, upande wa kinyume. Palipokuwa pembamba palikatika tu. Palipokuwa panene, pale nilipokuwa nimeshindwa, pale aliposema namkaba kuku, palifunguka bila ubishi, pamba ikarudi, nyeupe ndani kama siku ilipochumwa, na harufu yake ikatoka. Nikajaza kiganja, nikapitisha mlangoni. Mkono wa ndani ukapokea. Nikajaza kingine. Hakuna aliyeniharakisha. Mvua ilikuwa inapiga bati, huko ndani wanasoma, na mimi nafumua kidogo kidogo nampa, mpaka mkononi mwangu hakukubaki kitu.

Ndipo nikamaliza kujifunza kusokota. Sikujua kwamba kuna nusu ya pili, ya kufumua.

Basi nimekwambia, mwenzangu, na sasa nakuomba usikae nayo peke yako. Mpe dada yako, mpe jirani, msimulie asiyejua kusoma. Zaidi ya yote, siku nyumbani kwako patakapokuwa na mgonjwa mkubwa, ukamwona mtoto anajificha na kufanya kitu usichokielewa, anahesabu, anaficha viatu vya babu yake, anasokota, usimfukuze. Kaa naye chini, mpe habari ya bibi wa Marambo. Halafu mpe kitu cha kushika mkononi, hata kama atakiharibu.